Wachumba Watatu na Kabati la Mninga

Hapo zamani, si zile zamani za wanyama kusema, bali zamani za karibu ambapo watu ndio waliosema, tena walisema mno, palikuwa na mjane katika kijiji cha Nsololo, huko Unyamwezi. Jina lake Bi Nyanzobe. Mumewe, Mzee Msagata, alikuwa ametangulia mbele ya haki, matanga yameondolewa, na nyasi zimeota juu ya kaburi lake.

Bi Nyanzobe alikuwa mwanamke wa kutazamwa. Mrefu, mchapakazi, na kicheko chake kilisikika hadi kisimani. Basi wachumba wakaanza kumiminika. Huyu kaleta sukari, huyu kaleta kanga, huyu kaleta jogoo. Bi Nyanzobe akainywea chai ile sukari, akajifunga zile kanga, akamchinja yule jogoo, na jibu lake likawa lile lile kwa wote: "Nitafikiri."

Nyumbani aliishi na wifi yake, Bi Kalunde, dada wa marehemu, mama mwenye ulimi wa kunyolea nywele. Aliishi pia na beberu. Beberu huyo aliitwa Sultani, kwa sababu hapakuwa na mlango uliomzuia wala chakula kisichokuwa chake.

Sasa Bi Nyanzobe alikuwa na mabakuli ya kaure, meupe, yenye maua ya buluu. Aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na mama yake. Yalipangwa mezani. Siku moja Sultani akapanda mezani kufuata ganda la ndizi. Bakuli moja likaenda chini. Pwaa! Vipande.

Siku hiyo Bi Nyanzobe hakucheka. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa, akatoka uani. Akawakuta wachumba wamekaa wakimsubiri kama kawaida yao.

"Nisikilizeni," akasema. "Sukari yenu imenitosha, meno yananiuma. Anayetaka kunioa anitengenezee kabati. Kabati la kutundika ukutani, juu, asikofika Sultani. Tena liwe zuri, ili siku nikichoka kuutazama uso wako niwe na kitu kingine cha kutazama. Atakayenipa kabati hilo, huyo ndiye mume wangu. Nimesema."

Wachumba wakatazamana. Mmoja akakumbuka kuwa shamba lake halijapaliliwa. Mwingine akakumbuka kuwa ana mke. Wakachomoka mmoja mmoja, mpaka wakabaki watatu.

Alibaki Kapaya, mrina asali, mgane aliyezoea kula peke yake na kuongea na nyuki. Alibaki Swedi, mpasua mbao, mwembamba kama msumeno wake na mwenye kujisifu kuliko jogoo wa alfajiri. Na alibaki Shaweji, seremala. Shaweji alikuwa fundi kwelikweli, ila mikono yake ilikwenda polepole mno. Inasemwa aliwahi kuagizwa kitanda cha harusi, kitanda kikafika siku ya kumtoa mtoto nje.

Kapaya akawaambia wenzake, "Mimi mti ninao, lakini sijui kupasua."

Swedi akasema, "Mimi kupasua najua, tena hakuna anipitaye, lakini nikiunga ubao na ubao vinakataana."

Shaweji akakuna kichwa, akafikiri, akakuna tena. "Mimi naunga. Lakini mti sina."

Wakaona hakuna la kufanya. Wakakubaliana wafanye pamoja, na mwenye bahati yake ataijua mwishoni. Kila mmoja moyoni akasema: ni mimi.

Kapaya akaingia porini. Huko alikuwa na mninga mmoja, mti mzee, shina limejisokota kama nguo inayokamuliwa. Mti uliojisokota hivyo, mbao zake huwa na mawimbi ndani. Kapaya alijua. Lakini juu ya mti huo ulining'inia mzinga wake bora kuliko yote, mzinga uliomlisha kiangazi hadi kiangazi. Akasimama chini yake, akautazama mzinga, akamkumbuka Bi Nyanzobe, akautazama mzinga tena. Akashika shoka.

Nyuki nao hawakuulizwa habari za harusi. Walimwangukia kichwani, masikioni, puani, na mahali pengine ambapo mbele ya watoto hapatajwi. Kapaya alikata akilia, akilia anakata. Mti ukalala chini, utomvu wake mwekundu ukimwagika kama damu, na mzinga ukapasuka, asali yote ikanywewa na ardhi.

Alipofika kijijini na gogo likivutwa na ng'ombe, Bi Kalunde alitoka kumpokea. Akamtazama yule mtu mwenye kichwa kama boga na macho yaliyofumba.

"Karibu, mgeni," akasema. "Na Kapaya umemwacha wapi?"

"Ndi bibi," akajibu Kapaya, akitaka kusema "Ni mimi," maana midomo nayo ilikuwa imevimba.

Swedi akalichonga gogo kidogo ubavuni, akalimwagia maji. Lo! Mawimbi yakatokea, mekundu juu ya hudhurungi, yanakwenda yakirudi, kama moshi uliokwama ndani ya mti. Watu wakasema "Aaa." Hata Sultani alisogea, akalilamba.

"Basi," akasema Swedi, "tupasue mbao nene, tufanye kabati, tulitundike, nioe."

"Polepole," akasema Shaweji. "Mninga ni mzito. Na ukuta wa Bi Nyanzobe ni wa udongo."

"Ukuta ni ukuta," akasema Swedi. Akapasua ubao mmoja mnene, akaingia ndani, akagongomea kigingi ukutani, gongo, gongo, gongo, akauning'iniza ubao. "Mnaona?"

Waliona. Ukuta uliguna. Kigingi kikatoka, kigingi kikatoka na ubao, ubao ukatoka na udongo, na udongo ukatoka na fito. Ukabaki mwanya kama dirisha. Na ndani ya mwanya, kwenye chumba cha akiba, alikuwepo Bi Kalunde, kakaa juu ya gunia, paja la kuku mdomoni.

Hapo ndipo ilipojulikana nani alikuwa akila nyama ambazo kila wiki alisingiziwa Sultani.

"Nilikuwa naionja," akasema Bi Kalunde, "nijue kama imechacha."

Bi Nyanzobe alicheka mpaka akaegemea mlango. Mwanya ukazibwa, ukuta ukakandikwa upya, nao wale watatu wakarudi uani na aibu yao.

Shaweji akasema, "Ngoma je? Ngoma si yote ngozi. Ndani ni mti, juu ni ngozi. Tufanye sanduku la mkuyu, mti mwepesi, kisha tulivike ngozi ya mninga. Jicho litaona mninga, ukuta utabeba mkuyu. Lakini mninga wenyewe upasuliwe mwembamba. Mwembamba kama chapati."

Wakamgeukia Swedi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Swedi hakujisifu.

Mbao ziliachwa kwanza kivulini, zikauke taratibu. Msimu ukapita. Kila siku wale watatu walikuja kuzigeuza, na kila siku walikula ugali wa Bi Nyanzobe, na kila siku waligombana nani ageuze ubao gani. Zilipokauka, Swedi alisimamisha ubao, akaubana, akanoa msumeno. Akapiga marufuku.

"Asikohoe mtu. Asipige chafya mtu. Bi Nyanzobe, tafadhali, wewe nenda ukacheke kwa dada yako."

Bi Nyanzobe akaenda. Kijiji kikanyamaza. Wanawake walitwanga kwa siri, polepole, kama wanaiba. Mwenye mafua aliambiwa abaki shambani. Na Swedi akapasua, pumzi moja, msumeno mmoja, huku jasho likimtiririka hadi kidevuni. Msumeno ukikosea unywele mmoja, ngozi inatoboka. Ulikwenda, haukukosea. Ngozi za mninga zikatoka moja baada ya moja, nyembamba hata ukiinua dhidi ya jua unaona wekundu wa mwanga.

Jioni watu walipokwenda zao, Swedi alibaki peke yake na ngozi zake. Akachukua mbili zilizofuatana, akazifungua kama mtu afunguavyo kitabu, ya kushoto na ya kulia, mawimbi yakutane katikati. Akarudi nyuma atazame.

Akakutana na uso.

Macho mawili, moja huku na jingine kule. Pua katikati, ndefu. Mashavu. Chini, ndevu zilizochongoka. Swedi akafumba macho, akafumbua. Uso ulikuwa pale pale, umemkazia macho kama wa mtu aliyecheleweshewa ugali.

Sasa fikirini. Swedi alikuwa na ngozi nyingine za kutosha. Alikuwa peke yake. Angezirudisha zile mbili chini ya rundo, akachukua nyingine, na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Alizishika azifiche. Akaziweka. Akazishika tena. Mwisho akapaza sauti: "Bi Nyanzobe! Njoo uone, kwa sababu hii siyo ya kuamua mimi."

Aliyetangulia kufika ni Bi Kalunde. Alitazama mara moja, akapiga yowe lililowatoa watu majumbani. "Kaka yangu! Kaka Msagata! Amerudi!"

Kijiji kizima kikaja. Na kweli, ukisimama mbele alikuwa Mzee Msagata mwenyewe, pua yake, ndevu zake, na ile namna yake ya kukutazama kama unamdai na yeye hadaiwi.

Kapaya, ambaye uvimbe ulikuwa umekwisha lakini si uchungu, akashika kichwa. "Nimepigwa na nyuki," akasema, "nimepoteza mzinga wangu, kumbe namletea mwanamke mume wake wa kwanza!"

Bi Nyanzobe akafika, watu wakampisha. Akasimama mbele ya zile ngozi mbili. Kidole chake kikaenda polepole juu ya pua ile ya mti, kikashuka hadi kwenye ndevu. Machozi yakamlengalenga. Watu wakainamisha vichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, wakadhani analia, kumbe kicheko kinapanda. Alicheka mpaka kanga ikamfunguka.

"Mwekeni," akasema akijifuta machozi. "Mwekeni mlangoni mwa kabati. Amekaa nami miaka yote ile hajanishikia hata sufuria. Sasa na ashike mabakuli."

Ikabaki kazi ya Shaweji. Sanduku la mkuyu alilitengeneza kwa subira yake, viungo vinaingiana kama vidole vya mtu anayeomba dua, bila msumari hata mmoja. Kabla hajabandika ngozi, Kapaya na Swedi walimjia karakanani.

"Fundi Shaweji," akasema Kapaya, "nani kati yetu anataka kulala nyumba moja na macho yale? Zigeuze. Chini juu. Uso utapotea, na Bi Nyanzobe atadhani ni bahati mbaya."

"Si uongo," akasema Swedi, ambaye majuto ya ukweli wake yalikuwa yameanza kumwingia. "Ni kugeuza tu."

Shaweji akawaza. Naye alikuwa mchumba, naye alikuwa na usingizi wake wa kuulinda. Akazigeuza ngozi, chini juu, watazame. Ndevu zikawa pembe. Mashavu yakawa masikio. Pua ikabaki pua, lakini ya beberu. Alikuwa Sultani, mzimamzima, anawacheka.

Swedi akarudi nyuma hatua moja.

"Hata hivyo ni afadhali," Kapaya akanong'ona.

"Hapana," akasema Shaweji. "Alisema mwekeni. Nitamweka." Akazirudisha ngozi kama zilivyokuwa.

Kisha akachemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe. Harufu yake ikawaita mbwa wote wa Nsololo, wakalala kuizunguka karakana, ndimi nje, na Shaweji akapaka gundi kwa mkono wa kulia huku ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto. Ngozi zilipobandikwa zilihitaji uzito, zikandamizwe mpaka zishike. Uzito wa kutosha ulikuwa mawe ya kusagia. Wanawake wakakopesha mawe yao, yote, yakarundikwa juu ya kabati. Na kwa kuwa hapakuwa na jiwe la kusaga unga, kijiji kizima kilikula mahindi ya kuchemsha, asubuhi, mchana na jioni, huku wanaume wakipita karakanani kuuliza kwa upole, "Fundi, haijakauka tu?"

Shaweji akajibu, "Polepole."

Ilikauka. Kapaya akaleta nta ya nyuki, Shaweji akaisugua, na mahali palipo na uso ule wa mpinzani wake alisugua kuliko mahali pengine popote, mpaka macho yakang'aa na ndevu zikaonekana kama zimetoka kuchanwa.

Ikaja siku ya kulitundika. Shaweji alikuwa ameipata njia: nguzo ndogo za mti zipenye ukuta hadi upande wa pili, na huko zishikwe na ubao mpana, ili mzigo ubebwe na ukuta wote. Taabu moja tu. Safari hii ukuta uliochaguliwa haukuwa ule wa chumba cha akiba, na upande wake wa pili palikuwa chumbani kwa Bi Nyanzobe.

"Mwanamume asiyeoa haingii humo," akasema Bi Kalunde, akasimama mlangoni na mchi.

"Nafunga ubao tu, Mama."

"Wote huanza na ubao."

Wakasuluhishana hivi: Shaweji aingie akiwa amefunikwa shuka kichwani hadi magotini, aone ukuta tu, na Bi Kalunde amshike mkono. Shaweji akafunga ubao kwa kupapasa. Hapo pia alikwenda polepole, na Bi Kalunde akamwambia polepole nyingine si za useremala.

Kabati likapanda. Likakaa. Ukuta haukuguna. Bi Nyanzobe akapanga mabakuli ndani yake, moja moja, akafunga mlango, na uso wa Mzee Msagata ukawakabili wote. Sultani akaingia, kama desturi yake, bila hodi. Akayaona macho yale. Marehemu alikuwa na fimbo yake maalumu kwa beberu huyo. Sultani akasimama, akalia "mee" moja nyembamba, akageuka, akatoka mbio, na hakuingia tena chumba kile.

Vigelegele vikapigwa. Kisha vikakoma, kwa sababu watu walikumbuka ahadi.

Kapaya akasimama. "Bi Nyanzobe, pasipo mti hapana kabati. Nimeng'atwa mpaka nikakaribishwa mgeni kijijini kwangu. Na mti niliokata ndio ulionilisha. Leo sina mzinga kama ule, na sijutii. Wenzangu walileta mikono, wameondoka nayo ikiwa mizima. Mimi nilileta riziki yangu. Kabati ni langu."

Swedi akasimama. "Mti wako ulitaka kuangusha nyumba, Kapaya. Mimi ndiye niliyeufanya ukae ukutani. Lakini hilo naliacha. Niliuona uso ule nikiwa peke yangu. Ningeuficha. Bi Nyanzobe, kila mchumba amekuja hapa akikuonyesha uzuri wake. Mimi nilikuonyesha kitu ambacho kingeniharibia, kwa sababu kilikuwa chako. Kabati ni langu."

Shaweji akasimama, polepole. Akatafuta maneno. "Walileta gogo. Walileta ngozi. Uliomba kabati." Akakuna kichwa, watu wakadhani amemaliza. "Nami niliushika uso wa mumeo mikononi. Ningemgeuza beberu. Nilimng'arisha. Mtu anayeweza kuishi naye nyumba moja bila kumwonea wivu ni mimi. Kabati ni langu."

Watu wakaguna. Kila aliposema mmoja waliona ndiye. Aliposema wa pili wakaona ndiye.

Ndipo Bi Kalunde akagonga mchi wake sakafuni. "Na wa nne je? Wifi, wewe ulisema unataka kitu cha kutazama ukichoka kuutazama uso wa mume. Kaka yangu hakuleta sukari, hakuleta jogoo. Amekuja mwenyewe, kutoka ndani ya mti, wala hakuitwa na mtu. Mabakuli anayashika. Beberu amemfukuza. Tangu aanguke huyu kutoka msumenoni umecheka kuliko mwaka mzima uliopita. Unataka mume mwingine wa nini?"

Bi Nyanzobe aliwatazama wale watatu, Kapaya na makovu yake, Swedi na msumeno wake begani, Shaweji na gundi iliyokauka kwenye kucha. Akautazama mlango wa kabati.

"Niliahidi," akasema, "na ahadi yangu siimezi. Lakini niliahidi mmoja."

Akaketi kwenye kigoda, akajifunga kanga vizuri, akawageukia majirani awasikie wanasemaje. Majirani wakaanza kubishana pale pale, wengine wamesimama na Kapaya, wengine na Swedi, wengine na Shaweji, na wanawake watu wazima wote, nawaambia, wote, walikuwa upande wa Bi Kalunde. Chai ikapoa, mchuzi ukaungua, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mimi nimewafikisha mpaka hapo kwenye kigoda, sina miguu ya kwenda mbele zaidi. Bi Nyanzobe amekaa, anasubiri, nanyi ndio majirani. Semeni, lakini msiseme wote kwa pamoja: aliyetoa mti uliomlisha, aliyeonyesha alichoweza kuficha, aliyemng'arisha mpinzani wake, au yule aliyekwisha kufika nyumbani?

Je, nani alistahili?